Tuujue Udongo Kabla ya Kuchimba Kisima

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliihesabu ardhi kuwa miongoni mwa mambo manne ambayo bila hayo hakuna maendeleo. Tangu wakati huo tumezoea kuipima ardhi kwa jembe: magunia mangapi kwa eka, ng'ombe wangapi kwa malisho. Ni nadra kuizungumzia kwa kazi nyingine ambayo udongo huifanya kimya kimya usiku na mchana, nayo ni kuishika sumu isiingie katika maji tunayokunywa. Makala haya yanakusudia kuieleza kazi hiyo kwa mfano wa sumu moja iitwayo aseniki, na kuonyesha kwamba watumishi wa Serikali na walimu walioko katika mikoa ya madini wanao wajibu mkubwa juu yake.

Aseniki haikuletwa na mtu. Ni elementi ya asili, na udongo wa kawaida duniani huwa nayo kiasi cha miligramu 5 hadi 10 katika kila kilo bila ya kumdhuru yeyote. Katika miamba yenye dhahabu mambo ni mengine. Katika kanda ya Ziwa Victoria, kuanzia Geita hadi Tarime, dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na mawe yenye salfa, na baadhi ya mawe hayo yamefungamanisha ndani yake chuma, salfa na aseniki. Jiwe la namna hiyo likiwa chini kabisa halina neno. Likipasuliwa, likasagwa katika karasha, kisha unga wake ukaachwa juani na mvuani, salfa hugeuka tindikali na aseniki hufunguliwa kutoka kifungoni.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba haijitangazi. Maji yenye aseniki hayana rangi, hayana harufu, wala hayabadiliki ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 10 katika lita moja, yaani sehemu moja ya mia ya miligramu. Mtu akinywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho kwa miaka mingi, ngozi yake huanza kupata madoa, viganja na nyayo huwa vigumu, na baadaye saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu inaweza kumwandama. Kuchemsha maji hakusaidii hata kidogo: maji hupungua kwa mvuke, na aseniki hubaki pale pale katika sufuria. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliifundisha nchi nzima kupambana na vijidudu, na mafunzo yake yangali na faida kubwa. Lakini adui huyu si kijidudu, na silaha ya kijidudu haimwui.

KUTU INAYOTULINDA

Je, kwa nini basi watu wa nchi zenye mawe ya namna hii hawakudhurika wote tangu zamani? Sehemu kubwa ya jibu imo katika rangi ya udongo wetu.

Udongo mwekundu wa vilima vya Afrika ni mzee mno. Kwa muda mrefu usiohesabika mvua imeosha chokaa, magadi na chumvi nyingine, ikaacha nyuma mfinyanzi hafifu pamoja na kutu ya chuma na ya alumini. Wekundu tunaouona ni kutu hiyo ya chuma, iliyopakwa juu ya kila chembe kama rangi juu ya ukuta. Mkulima huilalamikia, kwa sababu huinyang'anya mimea fosfeti ya mbolea. Lakini aseniki iliyokutana na hewa ni ndugu wa fosfeti kwa umbo na kwa tabia. Kwa hiyo kutu ile ile inayomnyima mkulima fosfeti huikamata pia aseniki. Haiishiki kwa juu juu kama vumbi linavyoshika nguo. Huifunga kwa kiungo cha kikemia, kiasi kwamba maji ya mvua yakipita peke yake huondoka na kidogo sana.

Mchanga mtupu hauna kutu ya kutosha, hivyo huacha sumu ipite. Ama mfinyanzi mweusi wa mbuga, wapo wanaoamini kwamba huo ndio ngome, kwa vile hushika maji na kuteleza. Ukilowa ni kweli unazuia maji yasipenye. Lakini chembe zake zina chaji hasi ya umeme, na aseniki iliyokutana na hewa nayo ina chaji hasi, hivyo hazivutani. Na wakati wa kiangazi mbuga hupasuka nyufa ambazo mvua za kwanza hupita moja kwa moja kwenda chini.

Mambo haya hayapaswi kuwa mageni kwetu, kwani sehemu ya elimu ya udongo duniani ilizaliwa hapa. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alitumia neno "katena", maana yake mnyororo, kueleza jinsi udongo wa nchi hizi unavyobadilika kwa mpangilio ule ule kutoka kileleni hadi bondeni. Wakulima wa Usukuma walikuwa wakiujua mpangilio huo bila ya kumsubiri yeyote, na majina wanayo: luseni kwa udongo wa kichanga, ibambasi kwa ule mgumu wa magadi, itogolo na mbuga kwa udongo wa chini. Tukisema kwamba udongo hushika sumu kwa kadiri ya aina yake, maana yake ni kwamba ndani ya kijiji kimoja, katika mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuna mahali penye ulinzi mkubwa na mahali pasipo na ulinzi wowote.

MAMBO MATATU YAFUNGUAYO GHALA

Udongo unaoshika sumu ni ghala. Haupaswi kudhaniwa kuwa kaburi. Kilichowekwa ghalani kinaweza kutoka mlango ukifunguliwa, na milango yenyewe ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni kupungua kwa uchachu. Udongo ukiwa mchachu kiasi, kutu ya chuma huwa na chaji chanya ambayo huivuta aseniki. Uchachu ukiondoka na udongo ukaelekea upande wa magadi, mvuto huo hufifia na aseniki huachiliwa. Hapa pana mtego kwa bwana shamba na kwa ofisa wa mazingira. Kwa madini ya risasi au kadimi, kutia chokaa ni dawa, kwa sababu madini hayo hushikwa zaidi uchachu unapopungua. Kwa aseniki, chokaa hiyo hiyo inaweza kuwa ndiyo ufunguo. Tena wachenjuaji wa dhahabu wanaotumia sianidi hutia chokaa nyingi ili sianidi isigeuke kuwa hewa yenye kuua. Hivyo mchanga unaobaki, ambao wachimbaji wetu huuita marudio, mara nyingi hutoka ukiwa na magadi mengi, na huo ndio mchanga ambao aseniki yake hutembea kwa urahisi.

Mlango wa pili ni ushindani. Madhali fosfeti ni ndugu wa aseniki, wawili hao hugombea kiti kimoja. Katika udongo uliokwisha kulewa sumu, kumwaga fosfeti nyingi ni sawa na kuingiza wageni katika chumba kilichojaa: waliokuwamo husukumwa nje. Hili lisimtishe mkulima wa kawaida ambaye shamba lake halina sumu. Yeye aendelee na mbolea yake. Linawahusu wanaotaka kulima juu ya marudio au mahali palipokuwa na josho la zamani.

Mlango wa tatu ndio mpana kuliko yote, nao ni ukosefu wa hewa. Udongo ukifunikwa na maji kwa majuma mengi, oksijeni iliyomo humalizika. Bakteria waliomo, hasa wakiwa na mboji au samadi ya kula, huanza kutumia kutu ya chuma badala ya oksijeni. Kutu huyeyuka. Ukuta ukiyeyuka, rangi na kila kilichoshikwa na rangi hiyo huanguka pamoja. Zaidi ya hayo, aseniki yenyewe hubadilika kuwa ya namna nyingine ambayo haina chaji na ni kali zaidi kwa mwili, nayo husafiri na maji. Ndiyo sababu udongo wa bondeni uliokaa majini huwa wa kijivu: wekundu wake umekwisha kuondoka.

FUNZO LA BANGLADESH

Kama yupo anayedhani kwamba haya ni maneno ya maabara tu, na aitazame Bangladesh. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, nchi hiyo ilichimba visima vya pampu kwa mamilioni ili kuwaepusha wananchi na maji machafu ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema na kazi ilikuwa kubwa. Lakini maji ya visima hivyo hayakupimwa aseniki. Mwaka 1993 ndipo sumu ilipogunduliwa katika wilaya ya Chapai Nawabganj. Mwaka 2000, taarifa iliyochapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77, katika taifa lililokuwa na watu milioni 125, walikuwa katika hatari, na kuyaita maafa hayo makubwa kuliko yote ya aina yake katika historia.

Hapakuwa na mgodi wala kiwanda cha kulaumiwa. Mito iliyotoka milima ya Himalaya ilileta mchanga uliopakwa kutu ya chuma yenye aseniki kidogo tu. Mchanga ukafukiwa pamoja na mabaki ya mimea, hewa ikakosekana, bakteria wakaila kutu, sumu ikaingia katika maji. Ni mlango wa tatu uliofunguka, nao ulifunguka katika nchi ambayo udongo wake haukuwa na aseniki nyingi kupita kiasi. Basi tujiulize itakuwaje mahali ambapo mlango huo huo utafunguka juu ya marudio ya dhahabu.

Bangladesh ilifanya pia jambo la kuigwa. Kati ya mwaka 2000 na 2003 takriban visima milioni 5 vilipimwa kwa vifaa vidogo vya kubebwa mkononi. Pampu yenye maji salama ilipakwa rangi ya kijani, yenye sumu ikapakwa nyekundu. Hata asiyejua kusoma aliweza kuchagua.

HALI YETU

Kwetu sisi dalili zipo za kutosha kutufanya tuamke. Mwaka 2009, baada ya maji yenye tindikali kuvuja hadi katika mto Tigithe karibu na mgodi wa North Mara, mjadala ulikuwa mkubwa nchini. Mwaka huo huo watafiti walipima maji, matope na udongo jirani na migodi ya North Mara na Geita, na aseniki ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonekana kuwa juu katika baadhi ya sehemu. Mjadala uliegemea sana upande wa migodi mikubwa, jambo ambalo lilikuwa haki. Lakini mgodi mkubwa una bwawa, una leseni na una mkaguzi. Mialo na makarasha ya wachimbaji wadogo yapo mengi, na marudio yake huachwa mara nyingi pale maji yalipo, yaani bondeni.

Na bondeni ndiko kuliko na majaruba. Mpunga katika Geita, Shinyanga na Mwanza hulimwa katika udongo wa itogolo na wa mbuga, ambao kwa kusudi hufunikwa na maji miezi kadhaa. Kati ya nafaka zetu mpunga ndio unaoelekea zaidi kunywa aseniki, kwa sababu hukua penye tope lisilo na hewa, na mizizi yake huichukua sumu hiyo kwa njia ile ile inayochukulia silika. Mmea hujitetea kiasi kwa kupitisha hewa mizizini na kujijengea ganda la kutu, ambalo mkulima huliona akiung'oa. Ulinzi huo ni mdogo. Kuyamwaga marudio kando ya jaruba ni kuchukua sumu kutoka mahali ambapo udongo ungeweza kuishika na kuipeleka mahali ambapo udongo hauwezi.

Kuna urithi mwingine ambao haumo katika mikoa ya dhahabu peke yake. Wakati wa ukoloni, kabla ya kuja kwa dawa za toksafini, aseniki ndiyo iliyokuwa dawa ya kuulia kupe katika majosho mengi ya Afrika Mashariki na Kusini. Dawa iliyochoka ilimwagwa kando, na ng'ombe walitoka wakichuruzika. Aseniki haiozi wala haizeeki. Palipo na udongo mwekundu imebaki karibu na uso wa ardhi, pale pale ilipomwagwa. Katika jimbo la New South Wales huko Australia, majosho ya zamani zaidi ya 1,600 yamehesabiwa na kuandikwa, ili mtu asijenge juu yake bila ya kujua. Kwetu, mahali palipokuwa na josho hugeuka kiwanja, bustani ya shule au makazi, na wazee waliojua wanazidi kuaga dunia.

WANAOSEMA KWAMBA HATUWEZI

Najua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba upimaji ni ghali, na kijiji kisicho na maji hakina nafasi ya kuchagua maji. Hoja hii ina uzito, na haipaswi kudharauliwa na mtu anayefungua bomba nyumbani kwake. Mama anayetembea saa mbili na ndoo kichwani ana haki ya kukiona kisima chochote kuwa neema. Lakini gharama ya kupima aseniki ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuchimba, kununua pampu na kujenga tangi. Kuchimba bila ya kupima ni kutumia fedha yote na kuacha kazi kabla ya hatua ya mwisho. Penye sumu, mara nyingi kisima kingine chenye kina tofauti au mita mia chache kutoka hapo huwa salama, kwa sababu udongo na mwamba havifanani kila mahali.

Hoja ya pili ni kwamba tutawatia wananchi hofu. Wananchi hawa walijifunza habari za kipindupindu, za malaria na za UKIMWI, wakabadili mienendo yao. Mtu mzima huogopa zaidi kinachofichwa. Hoja ya tatu husema kwamba tunataka kuwafukuza wachimbaji wadogo. La hasha. Wachimbaji ni wananchi wanaotafuta riziki kwa jasho lao, nao ndio wa kwanza kuivuta vumbi la karasha. Kumwonyesha mchimbaji mahali pa kuweka marudio kilimani, juu ya udongo mwekundu, mbali na mkondo wa maji, na kumsaidia kujenga tuta la kuzuia mvua isiyachukue, ni kumlinda yeye na watoto wake.

LINALOTUPASA

Kwanza, katika wilaya zote za dhahabu kisima kisikabidhiwe kwa wananchi mpaka maji yake yapimwe aseniki, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi katika ofisi ya kijiji. Kipimo kirudiwe kiangazi na masika, kwa kuwa maji ya bondeni hubadilika hali ya hewa ikibadilika. Tunayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tunao Wakala wa Maji Vijijini tangu mwaka 2019, na tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Vyombo havikosekani. Kinachokosekana ni agizo la kuvifanya vishirikiane kabla ya mtu kuugua.

Pili, halmashauri ziwaulize wazee na kuorodhesha majosho yote ya zamani, hata yaliyofukiwa, na ofisa ardhi asigawe kiwanja mahali hapo kabla udongo haujapimwa.

Tatu, ramani ya udongo itumike katika kuamua mialo na mitambo ya uchenjuaji iwekwe wapi. Ofisa madini anayejua mwamba na bwana shamba anayejua udongo wamezoea kukaa katika ofisi mbili zisizotazamana. Waketi meza moja.

Nne, wataalamu wetu wamekwisha kuchapisha utafiti wa kuchuja aseniki katika maji ya maeneo ya migodi ya Bonde la Ziwa Victoria kwa kutumia malighafi za hapa nchini. Dawa iko chini ya miguu yetu. Utafiti huo uteremshwe kutoka katika majarida hadi vijijini, ujaribiwe, na penye mafanikio uenezwe.

Tano, na hapa nasema na walimu. Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuwafundishe vijana kwa kutumia mazingira yao. Mwalimu anayeweza kuwapeleka wanafunzi kuchimba mashimo matatu ya kina cha mita moja, moja kileleni, moja katikati na moja bondeni, amewafundisha kemia, jiografia na afya kwa siku moja bila ya maabara. Wauone wekundu ukififia kuwa njano, kisha kijivu. Waulizwe chuma kimekwenda wapi, na kilikwenda na nani. Kijana aliyejibu swali hilo hatakubali, atakapokuwa mwenyekiti wa kijiji, kisima kichimbwe chini ya lundo la marudio.

Udongo wetu umetulinda kwa miaka mingi bila ya kudai mshahara. Kazi yake ina masharti, na masharti hayo yanajulikana. Wanaopaswa kuyatimiza ni sisi tuliokabidhiwa ofisi, madarasa na muhuri wa kuidhinisha. Mwaka ujao wa fedha visima vingine vitachimbwa katika kanda ya Ziwa. Kila kimoja kipimwe kabla ya mtoto wa kwanza kukinga kikombe chake.